Kilo Ishirini za Mzee



Nimetakiwa kusema machache juu ya kazi ya katibu katika miaka hii 10 ya Chama chetu Kikuu. Wengine watataja maghala na magari. Mimi nitataja kosa langu.

Katika msimu wetu wa tatu nilibandika ubaoni hesabu ya mauzo ya kahawa. Haikupungua hata senti moja, nami nilijivunia. Mzee mmoja, aliyesomewa tangazo hilo na mjukuu wake, alinijia ofisini akaniuliza, "Mwanangu, nilileta kilo 100. Pale pameandikwa 80. Zangu 20 kazila nani?" Nilikuwa na haraka; nikamjibu ya kwamba hayo ni mambo ya kiwandani. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Heri angalinitukana.

Jibu langu likaenea upesi kuliko tangazo. Mwezi haujaisha, wako waliokuwa wakiuza kahawa yao usiku kwa walanguzi, kwa bei ya kutupa; maana mlanguzi hupima mlangoni na kulipa papo hapo, wala hatakiwi kueleza neno. Ghala likabaki nusu tupu, na deni la magunia likatungoja vile vile.

Nalikasirika, nikawaita watu hao wasio na shukrani. Nilisahau mambo waliyoyaona. Wazee wetu walikuwapo vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na Serikali mwaka 1976, hata sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Mtu aliyeyapitia hayo ana haki ya kuuliza kilo zake zilipo.

Nazo hazikuibwa. Kahawa iliyomenywa na kukaushwa ingali na ganda lake jembamba. Ikikobolewa, katika kilo 100 hupatikana kilo 80 hivi za kahawa safi, nayo ndiyo iuzwayo mnadani Moshi. Maneno haya machache yangalitosha siku ile, pamoja na kiti cha kumkalisha mzee.

Bwana Mwenyekiti aliitisha mkutano, nasi tukaleta kinu, ungo na mizani. Tulipima kilo 10 mbele ya watu wote. Akina mama wakatwanga, wakapepeta. Zikabaki kilo 8 na kidogo. Watu kimya. Ndipo mzee yule akainuka, akayakusanya maganda kwa mikono yake miwili, akasema, "Na haya nayo yapimwe."

Yakapimwa.

Si wote waliorudi msimu ule. Wengine walingoja kuona malipo ya pili, nami siwalaumu. Lakini kila mwaka, siku ya kusoma hesabu, kinu hutolewa ghalani kwanza, kisha daftari. Na asomaye mizani si karani wetu. Ni mzee yule, akiwa na mjukuu wake kando anayeandika.