MAJI NDIYO YANAYOKULA BARABARA YETU

(Mazungumzo ya Katibu mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani.)



Leo hatukuja kulaumiana. Tumekuja kuulizana: barabara ya kutoka ghalani hadi barabara kuu, tuliyoitengeneza mwaka jana kwa fedha zetu wenyewe, imekwenda wapi? Masika yaliyopita lori lilizama pale bondeni siku mbili, na magunia 60 ya mahindi yetu yakalowa. Mama mjamzito tukambeba kwa machela usiku, mvua inanyesha. Tunashukuru alijifungua salama. Safari nyingine tusitegemee bahati.

Sasa wengine wanasema greda lilikuwa bovu, wengine wanasema dereva mvivu. Ndugu zangu, tuseme kweli. Makosa ni yetu, nayo ni matatu.

Kosa la kwanza, tulikodi greda kiangazi kikali, udongo mkavu kama unga. Likachonga, vumbi likapaa. Vumbi lile ndilo linaloshika changarawe zisitawanyike, nasi tukaliacha liende na upepo. Tena tulimhimiza dereva apite mara moja tu ili tuokoe dizeli. Katikati pakabaki bonde kama mtumbwi. Mvua ilipokuja, barabara ikawa mto.

Kosa la pili ni hesabu. Sisi tuliojua kusoma ukubwani tulifundishwa hesabu hizi kisomoni, lakini hatukuzitumia. Hebu tuzipige pamoja. Barabara yetu ina upana wa mita 5. Kifusi kikishashindiliwa tunataka unene wa sentimita 15. Kwa urefu wa mita 100 tunahitaji mita za ujazo 75. Kifusi hupungua kikishindiliwa, basi tuongeze robo, inakuwa kama 94. Tipa tunalokodi hubeba mita 7. Maana yake ni tripu 14 kwa mita 100 peke yake! Sisi tulinunua tripu 12 tukazitandaza mita 400. Hata unene wa vidole vitatu haukufika. Ile haikuwa kujenga, ilikuwa kupaka poda.

Kosa la tatu, hatukushindilia wala hatukuchimba mitaro. Tuliyaachia magari yashindilie. Gari hushindilia njia mbili za magurudumu tu, na humo ndimo maji yanamolala.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi:

1. Tuanze na mitaro, pande zote mbili. Kila tunapopata mteremko tuchepushe maji yatoke kabisa, yasikusanyike mpaka bondeni. Kalavati lililojaa mchanga lizibuliwe kabla ya mvua.

2. Barabara iwe na mgongo. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 2 na nusu, na hapo ukingo uwe chini kwa sentimita 15. Fundi seremala atatutengenezea ubao wa urefu huo, mguu mmoja umezidi mwingine kwa sentimita 15. Mguu mrefu unakaa ukingoni, pima maji juu ya ubao. Povu likikaa katikati, mgongo uko sawa.

3. Fedha iliyopo inunue kifusi cha mita 100 za bondeni tu. Heri mita 100 zinazopitika kuliko 400 za kudanganyana.

4. Tushindilie udongo ukiwa na unyevu. Chukua konzi moja, ifinye. Ikivunjika, ongeza maji. Ikikulowesha kiganja, subiri ikauke. Ikishikamana bila kukulowesha, shindilia. Rola likikosekana tutatumia vishindilio vya mkono, lakini kifusi tukimwage kwa tabaka jembamba, moja baada ya jingine.

5. Mashine ikifanya kazi, watoto wakae mbali, na mtu asisimame nyuma yake. Dereva akirudi nyuma haoni kila mahali.

Wako wanaouliza: je, barabara si kazi ya Serikali? Ni kweli. Tangu 2017 barabara za vijijini zina wakala wake, yaani TARURA. Barua yetu ya kuomba greda na rola tumeipitisha kwa serikali ya kijiji, na tutaendelea kuifuatilia. Lakini kuzibua mtaro kunahitaji jembe, beleshi na sururu, na hivyo vyote viko majumbani mwetu. Hata tukiletewa greda kesho, pasipo na mitaro, masika moja tu yataondoka na kazi yote.

Jambo la mwisho ni gumu, lakini lisemwe. Mtaro wa upande wa juu umezibwa kwa matuta ya viazi, na matuta mawili kati ya hayo ni ya wajumbe wa kamati yetu. Hatuwezi kumwambia mwingine aondoe yake na sisi yetu yamekaa. Jumamosi saa 1 asubuhi tunaanzia kwenye matuta hayo mawili, na wenyewe wajumbe ndio watakaopiga jembe la kwanza.

Njooni mshuhudie, na kila mtu aje na jembe lake.