KUHAMA NA WATOTO: Kumtafutia Mtoto Shule ya Sekondari ya Serikali katika Kituo Kipya

(Hotuba iliyosomwa na karani wa masjala mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu aliponijia kuniomba nisome hotuba, nilidhani ataka nizungumze juu ya utunzaji wa majalada, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Akaniambia la, majalada tumechoka nayo. Wanachama wataka kusikia habari za uhamisho na shule za watoto, maana barua za uhamisho zimetoka nyingi na watu hawajui waanzie wapi. Nikamjibu kwamba katika jambo hilo mimi si mwalimu, ni mtu aliyekwisha kuungua. Akasema, basi njoo utuonyeshe kovu.

Mwaka 2021, mwezi wa Agosti, nilihamishwa kutoka Tanga kwenda Dodoma. Nyumbani kwangu alikuwapo mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la tatu. Wakati ule alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, hatua chache kutoka nyumbani, naye alikuwa akifanya vizuri. Barua ya uhamisho ilinipa siku chache. Nikafanya kama afanyavyo mtu mwenye haraka: nikauliza rafiki zangu wa kazini, “Dodoma shule nzuri ni ipi?” Wakanitajia moja yenye jina, iliyo mjini kati. Sikuuliza zaidi. Nikapanga nyumba upande wa Mtumba, karibu na Mji wa Serikali nilikokuwa nikienda kufanya kazi, na binti nikamwandikisha mjini.

Hayo yalikuwa makosa mawili kwa siku moja, na la tatu lilikuwa limejificha ndani yake. Nitalieleza la kwanza kwanza.

Kutoka nyumbani hata shuleni binti alipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Ninyi mwajua nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na utingo ajua zaidi. Asubuhi gari likiwa na nafasi kumi, wanafunzi hupewa mbili, tena wa kusimama. Alikuwa akiondoka nyumbani saa kumi na moja, nje kungali giza, akafika shuleni amechelewa, akaadhibiwa kwa kuchelewa. Jioni alirudi saa moja amechoka hata chakula hakimpiti kooni. Mke wangu akaniambia, “Baba, huyu mtoto hasomi, huyu mtoto asafiri.” Nikamjibu kwamba atazoea. Neno hilo “atazoea” ningeweza kulirudisha kinywani ningelirudisha.

Kosa la pili ni kwamba jina la shule ile lilikuwa jina la zamani. Walionisifia walikuwa wamesoma huko miaka ishirini nyuma, nao walisema kweli ya wakati wao. Mimi nilipoingia nilikuta darasa moja lina watoto wengi mno, na somo la Fizikia lilikuwa halijapata mwalimu tangu mwaka uanze. Shule siitaji, maana sikuja kuishtaki. Upungufu wa walimu wa sayansi u katika shule nyingi, na mkuu wa shule hana mwalimu wa kumfinyanga kwa udongo. Mwenye lawama ni mimi, niliyetia sahihi bila kuuliza.

Na la tatu ndilo lililotugharimu. Mtoto wa kidato cha pili hufanya upimaji wa taifa mwezi wa Novemba, na huandikishwa kwa upimaji huo mapema, kwa jina la shule aliyopo. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuandikishwa Tanga. Nilipomhamisha mwezi wa Agosti, mwili wake ulikuja Dodoma, jina lake likabaki Tanga. Ikabidi arudi kufanya mtihani huko, alale kwa rafiki yangu, na vitabu vyake nusu vikiwa huku. Matokeo yalipotoka hakupata alama za kuendelea. Akarudia mwaka. Hakulia mbele yangu, aliniambia tu, “Mjomba, nilikuambia tungoje Desemba.” Ni kweli aliniambia.

Basi kwa ajili ya mwaka ule uliopotea, nawaambia haya.

Yatazameni kwanza majira. Kama uhamisho waweza kuombewa siku, omba. Kama hauwezi, tangulia wewe, mtoto amalize mwaka mahali alipo, kwa shangazi, kwa mama mkubwa, au kwa jirani mwaminifu. Kidato cha kwanza na cha tatu mtoto aweza kuhama bila hasara kubwa. Kidato cha pili na cha nne ni kama chungu kilicho jikoni: usikihamishe hata kiive. Najua wapo wenye kusema mtoto asiachwe nyuma hata siku moja, na kwa mtoto wa kike neno lao lina uzito. Lakini miezi mitatu kwa shangazi yake wa damu si sawa na mwaka mzima wa kurudia.

La pili ni juu ya nyumba, na hapa ndipo watumishi wengi twajikwaa. Zamani shule za sekondari zilikuwa chache hata mtu hakuwa na la kuchagua. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika pale Tanga mwaka 1922, alisomea Kiungani, Unguja. Shule ya Tabora ya Serikali ilifunguliwa katika miaka ya 1920, na mtoto aliyebahatika alitoka nchi ya mbali akaishi huko. Karani wa siku zile alihamishwa peke yake, mwanawe yuko bwenini. Hali ile imekwisha. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimejengwa kila upande, na walio wengi katika watoto wetu husoma humo, shule za kutwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, siku hizi mtu apangaye nyumba amekwisha kuchagua shule, ajue asijue. Itafuteni shule kwanza, kisha mtafute chumba kinachoweza kufikiwa kutoka hapo kwa miguu. Afadhali wewe mtu mzima upande daladala mbili kwenda ofisini. Wewe ukichelewa utaandikiwa barua, mtoto akichelewa hukosa somo la Hisabati la asubuhi, na halirudi.

Wengine hunijia wakisema, “Mimi nahamia Dodoma, nitampeleka binti yangu Msalato.” Msalato ni shule njema ya wasichana, nayo ipo Dodoma kweli, lakini huingii kwa sababu umepanga karibu nayo. Hiyo, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, na Tabora zote mbili, ya wavulana na ya wasichana, huchukua watoto waliochaguliwa kwa alama zao za juu za darasa la saba. Hata ubora wa matokeo yao yafaa kupimwa kwa mizani hiyo: waliingia wakiwa wateule. Msizitumie kuzidharau shule za kata, ambazo watu huziita “Kayumba” kwa kejeli, hali huchukua kila mtoto aliyefaulu, mwepesi na mzito.

Sasa matokeo yasomwe namna gani? Baraza la Mitihani hutoa matokeo ya kidato cha nne hadharani, shule kwa shule. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nasema lilifanya vema, maana tulikuwa tukisoma zile kumi na kusahau maelfu. Karani ajua kusoma jedwali; isome shule unayoifikiria kwa miaka mitatu, si mmoja. Usitazame daraja la kwanza peke yake. Tazama wangapi wamepata daraja la nne na wangapi sifuri, kisha shuka chini kwenye masomo. Natoa mfano wa kubuni: shule moja ina watahiniwa 60, thelathini kati yao wana daraja la kwanza hata la tatu, nyingine ina watahiniwa 240, themanini wana madaraja hayo. Ya pili ina wengi waliofaulu, lakini katika ya kwanza mtoto mmoja kwa kila wawili amefaulu, na katika ya pili mmoja kwa kila watatu. Tena, kama Hisabati imeanguka miaka yote mitatu na Kiswahili kimesimama, hapo yaelekea pana upungufu wa mwalimu, si upumbavu wa watoto.

Lakini jedwali ni barua tu, na barua yahitaji kuthibitishwa. Nendeni shuleni wenyewe, siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, bila kutoa habari. Mtafute mwalimu wa zamu, umsalimu kwa heshima, ueleze shida yako. Mimi mara ya pili nilifanya hivyo katika shule tatu. Nilimwuliza mwalimu wa taaluma: walimu wa Fizikia ni wangapi, wa Hisabati wangapi, nao wana vipindi vingapi kwa juma? Katika shule moja alinijibu kwa tarakimu, akanionyesha ratiba ukutani. Katika nyingine alinijibu, “Wapo wa kutosha, mzee,” na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne. Aliyeniita mzee kwa swali la hesabu, nikajua hana hesabu.

Ombeni kuonyeshwa maabara. Baada ya agizo la kujenga maabara katika shule za kata lililosukumwa sana mwaka 2014, majengo yalisimama mengi. Lakini jengo si maabara mpaka liwe na maji, vifaa na mtu wa kuvitumia. Nimeona moja iliyojaa madawati mabovu hata dari. Tazameni vyoo vya wasichana na mahali pa maji. Kwa nchi kavu kama Dodoma hili si jambo dogo, na binti aliyekua hukosa siku kadhaa kila mwezi kwa sababu ya choo kisicho na maji. Ulizeni kama wanafunzi hupata chakula cha mchana. Ada iliondolewa kidato cha kwanza hata cha nne tangu Januari 2016, ilikuwa Sh. 20,000 kwa mwaka kwa kutwa, na kidato cha tano na cha sita wakafuatia mwaka 2022. Walakini sare, madaftari na chakula bado ni vya mzazi. Shule ambayo wazazi wamekaa wakakubaliana juu ya makande ya saa saba, hiyo ina wazazi, na shule yenye wazazi hupata mengine pia.

Ulizeni na mitaala. Mitaala mipya imeanza kidato cha kwanza, ikiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na amali haipo kila shule. Mtoto aliyeanza mkondo mmoja asihamishiwe mahali ambapo haupo.

Kisha mkitoka langoni msiende nyumbani bado. Muuze duka aliye mkabala na waendesha bodaboda wa kijiweni wajua siri za shule kuliko bodi. Mmoja aliniambia bila kuulizwa mara mbili, “Hapa saa nane watoto wote wako barabarani.” Nilimshukuru nikanunua soda.

Juu ya karatasi sitasema mengi, kwa kuwa ndilo tujualo sote. Anzeni kwa mkuu wa shule mnayoitaka, si kwa mkuu wa shule mnayoiacha. Mpate nafasi kwa maandishi, ndipo mwombe ruhusa ya kuondoka na kibali cha ofisi ya elimu. Msikubali jina la mtoto lifutwe huku kabla halijapokewa kule. Mchukue nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti za maendeleo, matokeo ya upimaji, na namba ya PReM ambayo Baraza humtambulisha mtoto nayo tangu shule ya msingi. Na swali la kwanza kumwuliza mkuu mpya liwe hili: “Je, mtoto ataandikishwa mtihani hapa, au ameandikishwa kule?” Fedha za uhamisho nazo msizitegemee kwa kodi ya miezi ya kwanza, sote twajua pengine hutangulia mtu, zikafuata fedha.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 tulihama nyumba. Tulikwenda kwenye nyumba ndogo kuliko ile ya kwanza, haina uzio, lakini shule ya kata iko mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Mke wangu alimpeleka binti siku ya kwanza, nami nikawa mtu wa daladala mbili. Alirudia kidato cha pili akiwa mkubwa kuliko wenzake, jambo ambalo lilimtia haya muda wote wa muhula wa kwanza. Alikuwa akikaa dawati la nyuma. Muhula wa pili mwalimu wa Biolojia alimweka awafundishe wenzake jioni. Mwaka 2024 alifanya mtihani wa kidato cha nne akapata daraja la pili, na mwaka 2025 alichaguliwa kidato cha tano kwa masomo ya sayansi. Wenzake aliowaacha Tanga walimtangulia mwaka mmoja, na huandikiana nao.

Barua niliyowaandikia wakuu wa shule zile tatu, pamoja na orodha ya maswali niliyoyauliza, nimemwachia Katibu nakala. Atakaye kuinakili na ainakili, abadili majina tu. Na aliyepata barua ya uhamisho juma hili, naye ana mtoto kidato cha pili au cha nne, nitakuwa pale mlangoni mkutano ukiisha.