Kugawana Njia Moja ya Mtandao: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama



Wakulima wa milima ya Usambara wanafahamu tangu zamani kwamba mfereji mmoja unaonywesha mashamba mengi hauna budi kuwa na zamu. Aliye juu akifungulia maji yote, wa chini hukosa. Jambo hilo limeingia sasa katika ofisi za vyama kwa sura nyingine. Chama cha Msingi kilichoko mahali kama Lutindi, wilayani Korogwe, kikiwa na njia moja tu ya intaneti, huweza kuona simu chache zinazopeleka video zikiimeza njia yote, na huku hesabu za wakulima zinangoja.

Na uchukuliwe mfano wa njia iwezayo kupeleka kilobiti 4,000 kwa sekunde. Taarifa ya megabaiti 10 ni kilobiti 80,000. Ikiwa peke yake njiani, hupita kwa sekunde 20. Simu zikichukua kilobiti 3,600, taarifa hiyo hiyo itahitaji sekunde 200.

Dawa ipo. FreeBSD, mfumo endeshi unaotolewa bure, una ukuta-moto uitwao ipfw. Katika miaka ya 1997 na 1998 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, aliuongezea sehemu iitwayo dummynet. Kompyuta ya zamani yenye kadi mbili za mtandao, ikiwekwa kati ya ofisi na intaneti, yatosha kwa kazi hiyo.

Kanuni za ukuta-moto husomwa kwa namba, ndogo kwanza. Kanuni inayolingana na pakiti huipeleka katika bomba lenye kasi iliyowekwa. Kwa hiyo kanuni pana ikitangulia, ile mahususi haitafikiwa. Pakiti zinazozidi hungoja; foleni ikijaa hutupwa, na mashine iliyozituma hupunguza mwendo na kuzituma tena.

Yafaa bomba lipewe kasi ndogo kidogo kuliko ya njia, mathalani 3,600, ili foleni ijipange ofisini na si kwa kampuni ya simu. Ndani yake zipangwe foleni mbili: ya ofisi uzito 75, ya wengine 25. Hapo ofisi itakuwa na haki ya 2,700, na taarifa itapita kwa sekunde 30 hivi. Ofisi isipotuma kitu, wengine watatumia bomba zima.

Makatibu wakumbuke mambo mawili. Kwanza, kanuni hizi haziongezi kasi iliyonunuliwa, wala hazipunguzi ukubwa wa video. Kifurushi kitaisha vilevile. Pili, namba za mgao zisiwe siri ya fundi. Zijadiliwe na Bodi, zisomwe mkutanoni, na ziandikwe katika kumbukumbu. Mgao usiojulikana na wenye mali huzaa manung'uniko, hata ukiwa wa haki.