Fedha Mlizotukopesha na Shule ya Chumba Kimoja Hamburg

   

Kamati ilituomba tuzungumzie mafanikio ya watoto wa nyumbani walioko ughaibuni. Tumeomba ruhusa tubadilishe kidogo. Tumekuja kutoa hesabu. Mwaka 2017 mfuko wa chama hiki ulitukopesha shilingi milioni 10, ambazo kwa bei ya wakati ule zilikuwa kama euro 4,000, ili tufungue shule ndogo ya lugha Hamburg, Ujerumani. Wengi mnakikumbuka kikao kile kwa sababu kilikuwa na maneno. Mzee mmoja alisimama akauliza: Wajerumani wana vyuo vikuu vyao, nani atampa mtoto wa Dunda fedha zake ili afundishwe Kiswahili? Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tulijibu kwa maneno mengi, mkatuhurumia, mkapitisha.

Jibu ni hili, mzee wetu. Wanaolipa ni vijana wanaokuja kujitolea huku mwaka mzima, ambao husafiri zaidi mwezi wa nane, kwa hiyo kuanzia mwezi wa nne chumba chetu hujaa. Wanalipa wauguzi na madaktari wanaokwenda kufanya kazi mikoani. Wanalipa wastaafu waliokwenda Zanzibar mara moja wakarudi na ugonjwa wa kutaka kurudi tena. Na wanalipa, hawa ndio wanaotugusa zaidi, kina mama wa Kijerumani walioolewa na watu wa kwetu, wanaotaka kuzungumza na mama mkwe kwenye simu zaidi ya kusema jambo na kwaheri. Chuo kikuu kinafundisha Kiswahili, lakini kinafundisha wanachuo. Muuguzi anayetoka zamu jioni hana pa kwenda. Sisi tuko pale.

Wala sisi si wa kwanza kutoka hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na maandishi yake juu ya desturi zetu yamo katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ilimzuia kuishi huku na mke mzungu, akageuza njia. Baadaye alifundisha Hamburg pia kwa miaka kadhaa, na alifariki Berlin mwaka 1927. Tunamtaja kwa sababu tulipokuwa kwenye foleni ya ofisi ya wageni na mafaili yetu tulimkumbuka mara nyingi. Kazi ya kufundisha alikuwa nayo. Kilichomsumbua ni wapi aruhusiwe kukaa.

Maana kufungua shule yenyewe, ndugu zetu, si kazi kubwa. Ujerumani kufundisha lugha kunahesabiwa kazi huria, kama ya msanifu majengo au mkalimani. Huhitaji leseni ya biashara, ilimradi mwenyewe ndiye mwenye ujuzi na unasimamia mafunzo. Unajaza fomu ya ofisi ya kodi, unapewa namba, unaanza. Mapato yakiwa chini ya kikomo fulani (mwaka ule kilikuwa euro 17,500 kwa mwaka, sasa ni 25,000) unaweza kuachwa bila kutoza kodi ya ongezeko la thamani. Mwenyeji anamaliza hayo kwa wiki chache.

Mgeni ana mlango mwingine wa kupita kwanza. Mmoja wetu, ambaye ndiye mwalimu, alikuwa amemaliza shahada ya pili kule, na mhitimu wa chuo cha Ujerumani anaweza kuomba kibali cha kujiajiri kwa ujuzi alioupata. Lakini anatakiwa athibitishe kwamba atajilisha. Tulipeleka mpango wa mapato na matumizi, bima ya afya, taarifa ya benki ambamo fedha zenu zilionekana, mkataba wa chumba, na barua tatu za watu waliosema wataleta wanafunzi. Tuliambiwa turudi. Tukarudi. Mara ya tatu tukapewa kadi ya miaka mitatu, ambao ndio muda mrefu kabisa wa kibali cha kwanza cha namna hiyo. Juu ya kadi iliandikwa kazi yenyewe: kufundisha Kiswahili na Kiingereza. Hata kuuza kanga mbili tatu mlangoni ilikuwa nje ya kadi.

Fedha zenu ziliingia hapa. Dhamana ya chumba, kodi ya miezi mitatu, ilikula karibu nusu. Iliyobaki ikanunua viti kumi na mbili vilivyotumika, ubao, mashine ya kuchapisha, na rangi ya ukuta ambayo tulipaka wenyewe usiku. Mwingine wetu alikuwa ameajiriwa kwenye ghala bandarini, na mshahara wake ndio uliolisha nyumba miaka miwili ya mwanzo. Shule ilijilipia kodi ya chumba, basi. Tuseme ukweli.

Tukiwa na muda tungewasimulia mengi ya darasani. Tuseme moja. Mjerumani akitaja nusu saa, nusu yake inaelekea saa inayokuja: akisema "nusu ya nane" ana maana ya saa moja na nusu yetu. Sasa mama mmoja tulimwandikia darasa ni saa kumi na mbili na nusu, tukidhani ameshazoea saa zetu. Yeye akachukua kumi na mbili ya kwao na nusu ya kwao, akafika saa tano na nusu asubuhi, akakaa kwenye ngazi. Alipotupigia simu alikuwa analia. Tangu siku hiyo somo la saa tumelihamisha kutoka wiki ya sita hadi ya kwanza.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 chumba kilifungwa kwa ajili ya korona, na mwaka huohuo ndio kadi ilikuwa inaisha. Ofisi huangalia hesabu za kodi kabla ya kuongeza muda. Tulihamishia masomo kwenye kompyuta, nusu ya wanafunzi wakatukimbia, nusu wakabaki. Kadi iliongezwa. Tukadhani tumevuka.

Mwaka 2021 mmoja wetu alikwenda mwenyewe kwenye mfuko wa pensheni wa serikali kuuliza kumbukumbu zake. Swali la kawaida tu. Akaulizwa anafanya kazi gani. Akasema mwalimu wa kujitegemea. Yule bibi akaacha kuandika, akamtazama.

Sheria yao inasema hivi. Watu wengi wanaojitegemea hawalazimiki kuchangia mfuko huo. Mwalimu wa kujitegemea analazimika, kama hajamwajiri mtu anayelipiwa michango, na anatakiwa ajitambulishe ndani ya miezi mitatu tangu aanze kazi. Sheria hii ni ya zamani na walimu Wajerumani wenyewe wengi hawaijui. Mchango ni asilimia 18.6 ya pato. Mwajiriwa hulipa nusu na tajiri wake nusu. Sisi tulikuwa mwajiriwa na tajiri kwa pamoja, na tulikuwa hatujalipa hata senti tangu 2017. Deni linaweza kudaiwa miaka minne nyuma. Barua ilipokuja ilisema zaidi ya euro 7,000.

Hapa ndipo tunapowaomba radhi, maana mwaka huohuo kamati ilituandikia kukumbusha marejesho. Tulikuwa tumeahidi kumaliza katika miaka miwili, na tulikuwa tumerudisha milioni 3 tu. Barua ya kamati ilisema bweni la wasichana limefika kwenye linta na mafundi wamesimama. Hatukujibu kwa miezi minne. Si kwamba barua haikufika. Ilifika, tuliisoma, tukaiweka juu ya kabati. Tuliona aibu kuandika kwamba fedha za bweni zimekwenda kwenye pensheni ya mtu mmoja Ulaya. Wapo watoto waliopanga vyumba mtaani mwaka ule kwa sababu bweni halikuezekwa, na mnajua wenyewe binti wa kidato cha pili akipanga chumba mtaani nini humfika. Sehemu ya jambo lile ni yetu.

Tuliomba kulipa deni la pensheni kwa awamu, tukakubaliwa, tukamaliza mwaka 2023. Kisha tukagundua kitu ambacho hakuna aliyetuambia mwanzo. Mgeni anayetaka kibali cha kudumu kwa njia ya kawaida anatakiwa awe na miezi 60 ya michango ya pensheni. Miezi yetu ya deni, baada ya kulipwa, ilihesabiwa yote. Tungefaulu kujificha, tungefika ofisi ya wageni mikono mitupu. Sasa mwalimu ana kibali kisicho na mwisho, wala hakuna tena kadi inayomwambia afundishe nini. Kanga zipo mlangoni.

Kwa kijana wa hapa anayefikiria njia hiyo, kwa lugha yoyote na nchi yoyote: kabla ya kutafuta chumba, mlipe mtu wa hesabu wa kule saa moja tu akueleze mwalimu anadaiwa nini. Sisi tuliona euro 150 za ushauri ni nyingi. Na usiwachukue walimu wenzako kwa malipo ya saa ukadhani umemaliza. Juni 2022 mahakama kuu ya masuala ya hifadhi ya jamii kule iliamua, katika kesi ya mwalimu wa muziki wa mji wa Herrenberg, kwamba mwalimu anayefundisha ndani ya shule kwa utaratibu wa shule anahesabiwa mwajiriwa. Shule nyingi za lugha zilitetemeka. Sisi tulikuwa na wenzetu wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Bujumbura. Mmoja tukamwajiri rasmi kwa nusu siku. Wa pili hatukuweza kumlipa, akaondoka, na hatujaacha kumfikiria.

Sasa hesabu. Hadi mwezi uliopita tulikuwa tumerudisha milioni 8. Milioni 2 zilizobaki tumezikabidhi kwa mhazini asubuhi ya leo. Hatukutozwa riba, na kwa kuchelewa kwetu tumeongeza milioni 1 na nusu kwa ajili ya mabati ya bweni. Tunaomba isitangazwe kama mchango. Ni fidia.

Jambo la mwisho ni ombi. Wanafunzi wetu wanahitaji watu wa kuzungumza nao, na si lazima watu hao wawe Hamburg. Tofauti ya saa ni moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo jioni yao bado ni jioni yetu. Tumejaribu na vijana wanne wa hapa mjini, nusu saa kwa nusu saa, tunawalipa kwa simu kila Ijumaa. Kinachotuangusha ni umeme na bando. Kama kamati itakubali chumba kimoja cha ofisi ya chama kiwekewe betri na intaneti ya kutegemewa, sisi tutalipia nusu ya gharama ya mwaka wa kwanza, na tutachukua vijana kumi na wawili. Awe amemaliza kidato cha nne, awe anapenda kuongea, na asiwe mtu wa kumcheka mgeni anayekosea ngeli.

Risiti zote, za chumba, za viti, za pensheni na za marejesho, zimo kwenye faili la bluu pale kwenye meza ya mhazini. Za Kijerumani tumeziandikia maelezo kwa penseli. Anayetaka kuuliza, sisi tutakuwa pale mpaka chakula kitakapoletwa.