Pande Nne Sawa Hazitoshi



Leo tunazungumza juu ya maumbo yenye pembe. Umbo la namna hii limezungukwa na mistari iliyonyooka, na jina lake linatokana na hesabu ya pembe zake. Likiwa na pembe 3 tunaliita pembetatu. Likiwa na 4 ni pembenne, 5 ni pembetano, 6 ni pembesita, na 8 ni pembenane. Tukitazama sega la nyuki tunaona kila kijumba ni pembesita. Duara, kama mdomo wa kinu, halimo humu, maana halina upande ulionyooka.

Pembenne ziko za aina nyingi, na hapo ndipo tuwe macho. Mraba una pande 4 sawa, na kila kona yake imesimama sawasawa kama kona ya daftari. Mstatili una kona kama hizo, ila urefu unazidi upana, kama mlango. Rombasi nayo ina pande 4 sawa kama mraba, lakini imelala: kona mbili zimebanwa, mbili zimepanuka.

Tufanye jaribio. Tuchukue vijiti 4 vya urefu mmoja, tuvifunge kwa kamba viwe mraba. Sasa tusukume kona moja taratibu. Mraba unalala, unakuwa rombasi. Vijiti ni vilevile, lakini nafasi ya ndani inapungua! Tukizidi kusukuma, inakwisha kabisa. Tukifunga vijiti 3, pembetatu hailali hata tukiisukuma. Ndiyo sababu mafundi hutumia pembetatu katika kenchi za paa.

Je, mambo haya yanatuhusu nini sisi wakulima? Yanatuhusu sana. Vijijini mara nyingi eka moja hupimwa hatua 70 kila upande. Mwenye kuuza anahesabu 70, 70, 70, 70, nasi tunatoa fedha ya eka nzima. Lakini eneo ni kitako mara kimo. Kwa mraba, 70 × 70 ni hatua za mraba 4,900. Shamba likiwa limelala mpaka kimo chake ni hatua 35 tu, basi 70 × 35 ni 2,450. Tumelipia eka, tumepata nusu!

Dawa yake ni rahisi: tupime na kona kwa kona, tukikatiza katikati ya shamba, mara mbili. Katika mraba wa hatua 70, vipimo hivyo viwili vinalingana, kila kimoja karibu hatua 99. Katika lile shamba lililolala, kimoja ni karibu 135 na kingine karibu 36. Hapo hatudanganyiki tena.

Na shamba likiwa na pembe 5? Tunaligawa kwa pembetatu 3. Kila pembetatu tunazidisha kitako kwa kimo, tunagawa kwa 2, kisha tunajumlisha zote.

Ndugu, kabla ya kutia sahihi, tuandike vipimo vyote mbele ya mashahidi, pamoja na vile vya kona kwa kona. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo, na kuandika tunajua. Tuvitumie.