Aliyeanguka Ngazini Asisahauliwe Baada ya Wiki Moja

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya yule mtu anayeteleza ngazini, anasimama, anajipangusa vumbi na kusema, "Aa, si kitu."

Ngazi ziko kila mahali siku hizi. Kuna za duka la ghorofa pale sokoni, kuna za jukwaa la kwaya, na zile tulizochonga kwenye udongo kuteremkia mtoni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaoongoza ni wazee waliopita miaka 60.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mtu akigonga kichwa, mishipa midogo iliyo kati ya ubongo na fuvu inaweza kukatika na kuvuja damu polepole sana. Ubongo wa mzee huwa umepungua kidogo, kwa hivyo damu hupata nafasi ya kujikusanya kimya kimya. Zinapita wiki tatu, hata miezi miwili. Ndipo anaanza kulalamika kichwa, kusinzia mchana kutwa, kuchanganya majina ya wajukuu, kuburuta mguu mmoja. Nyumbani wanasema ni uzee tu. Wengine wanasema ni kiharusi, na wengine wanatafuta ni nani amemroga. Ile siku ya kuanguka ilishasahaulika kabisa! Anayekunywa pombe sana, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, yuko katika hatari zaidi.

La kusikitisha ni kwamba jambo hili hutibika. Picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine kubwa ya hospitali huonyesha ile damu, na daktari wa upasuaji hutoboa tundu dogo katika fuvu na kuitoa. Wengi hupata nafuu. Tunajua mashine hiyo haiko kwenye zahanati yetu, na safari ni gharama. Lakini daktari hawezi kuagiza picha kama hakuna aliyemwambia kwamba nyanya alianguka mwezi uliopita. Kwa hivyo tunawaomba makatibu: mwanachama au mzazi wa mwanachama akianguka, andikeni tarehe katika kitabu cha kikundi, kama mnavyoandika michango. Halafu mtu mmoja amtembelee kila wiki kwa miezi mitatu.

Jambo la pili ni nyonga. Mifupa ya mama aliyekoma hedhi huwa myepesi. Akishindwa kusimama, na mguu umeonekana mfupi na kugeukia nje, hapo mfupa umevunjika. Msimkande. Fundi wa mifupa asiuvute. Wekeni blanketi iliyokunjwa katikati ya miguu, ifungeni pamoja kwa leso, mbebeni juu ya ubao mpaka hospitali. Mara nyingi hutakiwa upasuaji, maana kulala kitandani miezi mingi huleta vidonda vya mgongo, kichomi, na damu kuganda miguuni. Kama bado analala, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia.

Halafu kuna hofu, na hiyo haionekani katika picha yoyote. Aliyeanguka mara moja huogopa kutembea. Watoto nao, kwa upendo, humwambia, "Mama, wewe kaa tu, usiguse kitu." Sisi tunaona upendo wa namna hiyo unamlemaza mzazi. Miguu isiyotembea hulegea, na mwenye miguu iliyolegea ataanguka tena. Afadhali mshike mkono, mwende hadi langoni na kurudi, asubuhi na jioni.

Kabla ya mkutano ujao, hebu kila kikundi kikaangalie ngazi za ghala lake. Ngazi moja ikiwa ndefu kuliko wenzake, mguu hudanganyika hapo hapo. Pakeni chokaa nyeupe ukingoni mwa kila ngazi ili mwenye macho mabovu aone inapoishia, na upande mmoja pigilieni mti wa kushikilia, kimo cha nyonga. Kikundi chenye seremala humaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja.