Mzigo Unaopita Lanet Mara Mbili: Gharama za Usafirishaji kwa Muuzaji wa Mtandaoni Anayetumia Ghala la Mwingine



Naomba, wafanyabiashara wenzangu wa Lanet na Pipeline, tulifuate sweta moja. Limefumwa hapa Lanet. Limetiwa katonini pamoja na mengine, likapelekwa Nairobi, likawekwa katika ghala la kampuni inayowahifadhia wauzaji wa mtandaoni bidhaa zao, kuwafungashia na kuwapelekea wateja. Wiki tatu baadaye mama mmoja wa Section 58, hapa Nakuru, analiagiza kwa simu. Sweta linaanza safari ya kurudi: Limuru, Naivasha, Gilgil, linapita Lanet lilikotoka, ndipo linamfikia. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160, kwa hiyo limetembea zaidi ya kilomita 300 ili kumfikia mtu ambaye fundi angemfikia kwa bodaboda.

Ukimsimulia mtu habari hii, mara moja ataulaumu ule mwendo wa kwenda. Tuupigie hesabu. Tuseme katoni ya masweta 30 inalipiwa shilingi 600 kwenye ofisi ya parseli ya matatu. Kila sweta limebeba shilingi 20. Sasa tuseme kampuni ya ghala inatoza shilingi 310 kulipeleka sweta moja kutoka Nairobi hadi kwa mteja wa Nakuru. Barabara ni ile ile, umbali ni ule ule, na malipo yamezidi mara 15. Viwango hivi ni vya mfano tu, kila mmoja aweke vyake, lakini uwiano huo utauona katika risiti zako. Kinachogharimu ni mzigo kusafiri peke yake. Bidhaa zikiwa pamoja, umbali ni nafuu. Zikishatengana, kila moja inadai mtu wa kuibeba, simu ya kumtafuta mteja na muda wa kumsubiri mlangoni.

Kwa hiyo neno langu leo ni hili: bidhaa zetu zisafiri pamoja kadiri inavyowezekana, na zitenganishwe karibu kabisa na mteja. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Mpango wa kumwachia mwingine ghala na ufungashaji si mgeni. Amazon ilianza kuwatolea wauzaji wengine huduma hiyo mwaka 2006. Kenya tuliuzoea kupitia Jumia, iliyoingia nchini 2013 na ambayo huduma yake ya Jumia Express huhifadhi bidhaa za muuzaji katika maghala ya kampuni, na Kilimall, iliyoanza 2014. Sendy nayo, iliyoanza kwa kuunganisha watu wenye mizigo na wasafirishaji, iliingia baadaye katika uhifadhi na ufungashaji kabla ya kufunga shughuli zake mwaka 2023. Faida ya mpango huu ni ya kweli na siidharau. Muuzaji anayeshona mchana na kufungasha usiku hawezi kukua. Ghala linampa mikono, rafu na gari ambavyo peke yake asingevimudu.

Ila ankara ya ghala ina vifungu vingi, na wengi wetu tunakisoma kimoja tu, kile cha kupeleka. Kuna ada ya kupokea mzigo na kuuhesabu. Kuna ada ya kuhifadhi, inayokwenda kwa nafasi na kwa siku. Kuna ada ya kuitoa bidhaa rafuni na kuifungasha. Kuna ya kupeleka, kuna ya kurudisha, na mara nyingi kuna kamisheni ya soko la mtandaoni lenyewe juu ya hayo yote. Juu ya huduma inakuja kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16. Hapa muuzaji mdogo anaumia kimyakimya. Sheria inamlazimu kujisajili kwa VAT yule tu ambaye mauzo yake yamefika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ambaye hajasajiliwa hawezi kuidai ile asilimia 16 aliyotozwa na ghala, inabaki kuwa gharama yake. Zile shilingi 310 zikiwa ni bei kabla ya kodi, yeye amelipa karibu 360. Kabla ya kulinganisha bei za kampuni mbili, uliza kama kodi imo au haimo.

Nisimame kidogo kwenye uzani, kwa sababu nadhani hakuna jambo linaloeleweka vibaya zaidi. Msafirishaji anauza vitu viwili kwa wakati mmoja: nguvu ya kubeba na nafasi ndani ya gari. Mto mwepesi wa kulalia unajaza gari bila kulilemea. Ndiyo maana kampuni nyingi zinapima kilo kwenye mizani, kisha zinapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zinazidisha, zinagawanya kwa namba maalumu, na kutoza kwa ile hesabu iliyo kubwa. Katika vifurushi vya ndege namba inayotumika sana ni 5,000. Chukua jozi ya mito ya kilo 2 katika boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30. Zidisha, unapata 60,000. Gawanya kwa 5,000, unapata kilo 12. Mizani inasema 2, ankara inasema 12. Mito hiyo hiyo ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki, ikanyonywa hewa na kubanwa hadi kimo cha sentimita 10, inakuwa kilo 4. Hakuna kijana wa mauzo atakayekupunguzia bei kwa theluthi mbili, lakini mkanda na mfuko vinaweza.

Wauzaji wa mablanketi, mito, vinyago na viatu vilivyo ndani ya maboksi yake wazingatie hilo kabla ya kitu kingine chochote. Muuzaji wa asali ya Baringo ana shida tofauti: mzigo wake ni mdogo na mzito, mizani ndiyo inayomtoza, na chupa ya kioo inaongeza kilo ambazo mteja hali. Chupa ya plastiki inayofaa kwa chakula itampunguzia uzito na hasara ya kuvunjika kwa pamoja.

Sasa nije kwenye marejesho. Hapa ndipo faida ya biashara nyingi za mtandaoni inapomwagika. Wateja wetu wengi hulipa baada ya kupokea, na wana sababu nzuri, kwa kuwa wametapeliwa vya kutosha. Lakini malipo ya namna hiyo yana maana kwamba gharama yote ya safari inatangulizwa na muuzaji kwa ahadi ya mtu asiyemjua. Tuseme umepeleka oda 100 kwa shilingi 310 kila moja, jumla 31,000. Oda 20 zimerudi: simu imezimwa, mteja amesafiri, rangi si ile aliyoiona pichani. Kila moja inarudishwa kwa shilingi 150, jumla 3,000. Umetumia 34,000 na umeuza 80. Gharama ya kupeleka oda moja iliyouzwa si 310 tena, ni 425. Marejesho yakipungua kutoka 20 hadi 10, inashuka hadi takriban 361. Shilingi 64 kwa kila oda umezipata bila kubembeleza kampuni yoyote.

Nawasihi mwandike gharama zenu kwa namna hiyo: fedha zote zilizotumika katika mwezi kuhifadhi, kupeleka na kurudisha, zigawanywe kwa oda zilizopokelewa na kulipiwa. Idadi ya oda zilizoagizwa inapendeza machoni, lakini haijazi mfuko.

Sehemu ya marejesho hayo inatokana na anwani. Nyumba nyingi za Lanet hazina namba, na barua za Kenya kwa desturi huishia kwenye sanduku la posta. Mteja anaelekeza kwa kanisa, shule, duka la dawa na geti la rangi fulani. Mwendesha boda wa mtaa anaelewa. Dereva aliyetumwa kutoka Nairobi haelewi, anapiga simu mara mbili na kuondoka. Vituo vya kuchukulia mizigo ni nafuu kwa sababu hiyo hasa, gari linashusha oda 40 mahali pamoja badala ya kutafuta mageti 40. Mpe mteja wako bei mbili, ya kituoni na ya mlangoni, na tofauti iwe wazi. Usiifiche gharama ya mlangoni ndani ya bei ya bidhaa, utakuwa unamtoza anayejichukulia kituoni ili kumlipia anayekaa nyumbani. Na mpigie simu kabla mzigo haujatoka ghalani. Simu ya dakika moja ni rahisi kuliko safari ya kwenda na kurudi.

Msemo wa kupelekewa bure, kwa maoni yangu, umewadhuru wauzaji wadogo wengi. Hata Jumia yenyewe, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la New York mwezi Aprili 2019, ilikaza mkono. Baada ya Francis Dufay kushika uongozi mwishoni mwa 2022, ilipunguza ruzuku za usafirishaji, ikatilia mkazo vituo vya kuchukulia mizigo na miji iliyo nje ya miji mikuu. Kampuni yenye mtaji wa aina hiyo ikiona mzigo wa bure ni mzito, muuzaji wa Pipeline aubebe kwa nini?

Tunarudi kwa sweta letu. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na kwa mizigo ni njia panda ya kweli. Barabara kuu inakwenda hadi Mau Summit, ikagawanyika kuelekea Eldoret na kuelekea Kericho na Kisumu. Kutoka hapa unafika Nyahururu kupitia Subukia, Marigat kupitia Mogotio, Mau Narok kupitia Njoro. Lanet iko kando ya barabara hiyo kuu, upande wa Nairobi, mahali ambapo kodi ya stoo ni nafuu kuliko katikati ya jiji. Bidhaa ya mteja wa Bonde la Ufa kusubiri oda Nairobi ni kuitenganisha na wenzake mapema mno.

Pendekezo langu ni kugawanya stoki. Angalia oda zako za miezi mitatu, uzipange kwa mahali zilipokwenda. Za Nairobi na viunga vyake ziendelee kuhudumiwa na ghala la Nairobi, na upeleke huko bidhaa zile tu zinazotoka haraka. Masweta ya shule yanayouzwa Januari yasikae kwenye rafu ya kulipia hadi Agosti. Bidhaa za wateja wa Nakuru na magharibi yake zibaki hapa.

Zikae wapi? Mtu mmoja mmoja hawezi. Tuseme stoo ya Lanet ni shilingi 15,000 kwa mwezi na mfanyakazi wa kufungasha 18,000, jumla 33,000. Na tuseme kumfikishia mteja wa Nakuru kutoka Lanet ni shilingi 200 badala ya 310, akiba ya 110. Stoo inajilipa ikifikisha oda 300 kwa mwezi. Muuzaji mwenye oda 30 ataangamia akiikodi peke yake. Wauzaji kumi wenye oda 30 kila mmoja, yaani moja kwa siku, wanatosha.

Lazima niwaonye hapa, kwa kuwa wazo la kuunganisha mizigo limewahi kushinda kwa ubora na kushindwa kwa hesabu. Kampuni ya Copia ilikusanya oda za vijijini na kuzishusha kwa mawakala wenye maduka, mpango ambao kwa usafirishaji nauona wa busara sana. Hata hivyo Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa fedha za kuendelea. Maghala, magari na mishahara hulipwa hata wiki ambayo oda ni chache. Stoo yetu ianze ndogo, kwa mkataba wa miezi michache, bila kununua gari.

Yaliyowapata Sendy na Copia yanatufunza pia kusoma mikataba. Iandikwe kwamba bidhaa iliyo ghalani ni mali ya muuzaji hadi mteja atakapoilipia. Iandikwe fedha za mauzo zinakaa kwa kampuni siku ngapi, nani anafidia kilichopotea au kuloa, na muuzaji anaruhusiwa kuondoa stoki yake ndani ya muda gani. Ulizeni pia kuhusu nyongeza ya mafuta. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, na VAT ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023, wenye magari hawakuibeba peke yao. Mkataba useme nyongeza itahesabiwa vipi, na useme pia bei itashuka mafuta yakishuka.

Kwa hatua ya kwanza naomba kila aliye tayari alete orodha ya oda zake za miezi mitatu, ikionyesha kwa kila oda mahali ilikokwenda, uzani uliotozwa, kama ililipiwa au ilirudi. Tutaziunganisha na kuona kama zile 300 zipo. Kama zipo, tutafute stoo iliyo karibu na barabara kuu, yenye sakafu isiyopitisha maji na mlango ambao pikapu inaufikia hata wakati wa mvua. Kama hazipo, tuzungumze na wauzaji wa mitaa ya Free Area na Section 58 kabla ya kusaini chochote.